Karani Aliyekuta Mafaili Yake Manne

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani apunguze mwendo. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuwa daktari. Hakuwa muuguzi wala mkunga. Alikuwa karani wa masjala ya hospitali, yaani kile chumba kinachotunza mafaili ya wagonjwa. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Kazini na mtaani walimwita Bi Kadi, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Kama wewe, au mtu wako wa karibu, amepoteza mimba, kisha nyingine, kisha nyingine tena, usiondoke. Maisha ya Bi Kadi yanakuhusu.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili. Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye kidirisha kimoja cha kupokelea watu, rafu za mbao mpaka darini, na ngazi ya magurudumu ambayo gurudumu lake moja lilikuwa limekufa zamani. Vumbi la mle ndani halikuwa la kuchezea. Lakini Bi Kadi alikuwa na kichwa cha ajabu. Akikuona mara moja tu, mwaka unaofuata anakuita kwa jina la baba yako.

Mume alimpatia pale pale dirishani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, cheche imemwingia jichoni, na kadi ya hospitali hana. Ilikuwa mara ya tatu kuipoteza.

"Kadi tatu umepoteza," Bi Kadi akamwambia. "Ukipewa mke, je?"

Fundi, jicho moja limefumba, machozi yanamtiririka, akajibu, "Ndiyo maana natafuta karani."

Wakaoana. Bi Kadi alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki tisa. Alikuwa juu ya ngazi, ameshika faili, akahisi maji ya moto mapajani. Hayakuwa maji. Watu wakampa pole. Wakasema ni mambo ya kawaida, atapata mwingine. Na kweli, wasikilizaji wapendwa, mimba moja kutoka ni jambo linalowapata wanawake wengi sana.

Ya pili ikatoka na wiki kumi na moja. Pole zikapungua, ushauri ukaongezeka. Asipande ngazi. Asibebe vitu vizito. Asikasirike. Asicheke sana. Bi Kadi akawa anatembea kama aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Ya tatu ilifika miezi mitano. Tumbo lilikuwa limeshaonekana, na fundi alikuwa ameshachomelea kitanda kidogo cha chuma chenye maua kwenye kona zake. Siku moja asubuhi mtoto akaacha kucheza. Alizaliwa akiwa kimya. Alikuwa wa kiume. Muuguzi akamfunga kwenye kitambaa cha kijani na kusema, "Usimwangalie, mama, utaumia zaidi." Hakumwangalia. Jambo hilo alilijutia mpaka mwisho wa maisha yake.

Ya nne ikatoka na wiki kumi. Nne, wasikilizaji. Mimba nne, na hakuna mtoto.

Sasa maneno yakabadilika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kila mtu alikuwa na habari za kunguni wa Bi Kadi. Wapo waliosema alitoa mimba usichanani. Wapo waliosema amerogwa. Mama mkwe wake, mwanamke mwenye maneno machache na makali, alimwambia mwanawe mbele yake, "Shamba likikataa mbegu mara nne, mkulima mwenye akili hufikiria." Fundi akaweka kikombe chini, akatoka nje bila kujibu. Bi Kadi alibaki akiosha sahani moja kwa muda mrefu.

Siku tano baada ya mimba ile ya nne kutoka, alirudi kazini. Mezani alikuta rundo la kadi za wiki iliyopita, zinasubiri kupangwa. Akaanza kuzipanga. Kadi ya saba ilikuwa yake mwenyewe.

Akaisoma. Iliandikwa hivi: "Mimba imetoka. Amesafishwa. Ameruhusiwa." Na juu, kwenye kisanduku cha historia ya mgonjwa: "Mimba ya kwanza."

Ya kwanza!

Akakaa kwenye ngazi. Kisha akapanda rafuni, akatafuta, akashuka na mafaili mengine matatu. Yote yake. Moja limeandikwa kwa jina la baba. Moja kwa jina la mume. La tatu jina lina makosa, na mwaka wa kuzaliwa si wake. Kila alipoletwa akivuja damu, hakuna aliyeuliza kadi ya zamani. Alifunguliwa faili jipya. Mwanamke mmoja, mafaili manne, chumba kimoja. Hakuna faili lililojua habari za mwenzake. Kwa hiyo hakuna daktari aliyewahi kuona mimba nne. Kila mmoja aliona moja, akasema ni bahati mbaya.

Na aliyeyapanga mafaili hayo rafuni kwa mikono yake, akifuata namba tu bila kuyafungua, ni yeye mwenyewe. Miaka mingi baadaye aliwahi kusema, "Siku ile sikulia. Nilipandwa na hasira, na nilizipenda hasira zile, kwa sababu zilinisimamisha."

Basi akaanza kutafuta. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye anabaki. Alikuwa anatafuta maneno yale yale: imetoka, amesafishwa, ameruhusiwa. Anaangalia jina, mtaa, umri, jina la mume. Anaunganisha. Kwa miezi miwili alipata wanawake thelathini na saba waliopoteza mimba tatu au zaidi. Thelathini na saba. Mmoja wao, mshonaji wa nguo, alikuwa amepoteza saba, na katika mafaili yake matano kati ya saba aliandikwa mimba ya kwanza. Bi Kadi alifunga mafaili ya kila mwanamke pamoja kwa uzi.

Wakati huo hospitali ilikuwa imepata daktari bingwa mpya wa magonjwa ya wanawake. Mama mfupi, mwenye haraka. Bi Kadi aliingia chumbani kwake amekumbatia mafaili mpaka kidevuni.

"Masjala ni upande ule, dada," daktari akasema bila kuinua kichwa.

"Najua. Ndiko ninakotoka."

Akayashusha mezani. Daktari akafungua fungu la kwanza kwa kuudhika. La pili akalifungua polepole. Kufikia la tano alikuwa amevua miwani.

"Nani amekutuma kufanya hivi?"

"Hakuna."

"Na hili la juu, ni la nani?"

"La juu ni langu, daktari."

Daktari akainuka, akafunga mlango, akamwambia akae.

Hapo mambo mawili yalianza kwa pamoja, na yote mawili yalikuwa ya roho mkononi. La kwanza ni vipimo. Daktari alitaka wote wawili, mke na mume. Mama mkwe akaja juu. "Mwanangu hana kasoro. Anapimwa nini?" Na fundi, yule aliyetoka nje kimya siku ile, safari hii alijibu. "Mama, mimba zile zilikuwa zangu pia." Akakunja shati, akatoa mkono, akatolewa damu.

La pili ni mkuu wa masjala. Mzee wa utaratibu, kalamu tatu mfukoni, kila moja na wino wake. Aliona mapengo kwenye rafu, akauliza, akajibiwa ukweli. Siku iyo hiyo Bi Kadi akapewa barua ya kujieleza.

"Faili likitoka humu bila saini, jina lake ni wizi," mkuu alimwambia. "Kata nyuzi hizo. Rudisha kila faili kwenye namba yake, nami nitasahau."

"Nikikata, mzee, hawa wanawake watakuwa na mimba ya kwanza tena."

"Nimekwambia kata."

"Sikati."

Akafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Watu watano, meza ndefu, feni inayolia. Daktari alikuja kumtetea, akazungumza mpaka sauti ikakauka. Uamuzi ukatoka baada ya wiki mbili, na usikie ulivyokuwa. Mafaili yaliyofungwa yabaki yamefungwa, na kuanzia sasa kila mwanamke awe na faili moja tu. Naye karani aliyeyafunga, kwa kuvunja utaratibu, aondolewe masjala kwa mwaka mmoja, apelekwe getini kuandika majina ya wageni. Kwa maneno mengine, alichokifanya kilikubaliwa, na yeye akaadhibiwa kwa kukifanya.

Majibu ya damu yalimkuta hapo getini. Walikuwa wameipima, wakasubiri wiki kumi na mbili, wakaipima tena ili wawe na hakika. Daktari alimweleza hivi: kinga ya mwili wake inakosea. Badala ya kupigana na maradhi, inaifanya damu igande ovyo. Mimba inapoingia, damu inaganda kwenye vimishipa vidogo vya kondo la nyuma, na mtoto anakosa chakula na hewa.

"Kwa hiyo si ngazi?" Bi Kadi akauliza.

"Si ngazi. Si mafaili. Si hasira, wala uchawi. Na si kosa lako."

"Sema tena, daktari."

Daktari akasema tena.

Mimba ya tano iliingia miezi mitano baadaye. Dawa yake ilikuwa kidonge kidogo cha aspirini kila siku, kwa kipimo cha daktari, na sindano ya kuzuia damu kuganda, kila siku, chini ya ngozi ya tumbo. Kila asubuhi saa kumi na mbili. Fundi alifundishwa kuchoma kwa kutumia chungwa. Mikono iliyounganisha mageti ya nusu ya mji ule sasa ilisimamisha sindano hewani.

"Chungwa halikulalamika," alisema.

"Mimi pia sitalalamika. Choma."

Wiki ya tisa ikapita. Ya kumi ikapita. Walikuwa hawasemi neno mimba ndani ya nyumba ile. Walisema "jambo letu." Wiki ya kumi na moja, asubuhi, akiwa getini na kalamu mkononi, Bi Kadi alihisi unyevu. Akaenda chooni. Damu.

Alikaa mle ndani kwa dakika kadhaa, kiganja kimebana mdomo. Kisha akanawa, akarudi, akamwandika mgeni aliyekuwa anasubiri, jina na saa ya kuingia, ndipo akaanza kutembea kuelekea chumba cha picha. Hatua mia mbili. Alizihesabu.

Mpimaji alipaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa, akakaa kimya. Anasogeza. Kimya. Anabonyeza kitufe. Kimya.

"Mbona husemi?" Bi Kadi akauliza. "Kimya chenu hicho nakijua. Sema tu, kaka."

Mpimaji aligeuza kioo. Pale katikati, kitu kidogo kama kidole gumba, na ndani yake nukta inafumba na kufumbua. Inafumba na kufumbua.

"Damu ipo," akasema, "lakini na moyo upo."

Ndipo mama mkwe alipokuja kukaa nao. Bi Kadi alijiandaa kwa vita. Bibi yule alifagia, akafua, akamkataza kuinama, siku tatu hajasema la maana. Siku ya nne, Bi Kadi amelala ubavu, alimwona mama mkwe amesimama mbele ya kile kitanda kidogo cha chuma, anapapasa maua yake.

"Kabla ya mumeo walikuwepo wawili," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Wote walitoka. Wa pili alikuwa mkubwa. Mama mkwe wangu aliniambia maneno yale yale niliyokwambia wewe."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Sikuwahi kumwambia mtu. Ningeanzia kwako?" Akafuta macho kwa mkono wa gauni. "Nisamehe, mwanangu. Geuka nikukande mgongo."

Wiki ya ishirini, ile ya mtoto aliyezaliwa kimya, ilipita Bi Kadi akiwa hali wala halali vizuri. Ikapita. Lakini hatari ilikuwa bado. Wiki ya thelathini na nne akaamka kichwa kinamgonga, vidole vimevimba, macho yanaona nyota. Fundi akamchoma sindano ya saa kumi na mbili kama kawaida, kisha akamkimbiza hospitali. Presha ilikuwa juu sana.

"Tunamtoa mtoto leo," daktari akasema. "Sindano ya mwisho umechoma saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

Daktari akaangalia saa ya ukutani. Saa tatu. Dawa ile ile iliyomlinda mtoto kwa miezi yote sasa ilikuwa imeziba mlango. Kuchoma ganzi ya mgongoni damu ikiwa nyepesi ni hatari kwa mama, na kumlaza kabisa kwa dawa, na presha ile, pia ni hatari. Kusubiri ni hatari kwa wote wawili. Daktari aliamua wampe dawa za kushusha presha na wasubiri kwa jicho kali mpaka saa kumi na mbili jioni, nguvu ya sindano iishe. Presha ikipanda zaidi ya pale, waingie hivyo hivyo.

Kila robo saa muuguzi alipima. Saa tano, presha imeshuka kidogo. Saa saba imepanda. Fundi alikuwa ameegemea ukuta wa korido, na kila muuguzi alipotoka, alisoma uso wake. Mama mkwe alikaa sakafuni, viatu amevua, midomo inacheza kwa dua. Saa tisa mapigo ya mtoto yalipungua, watu wakakimbia na kitanda mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Mapigo yakarudi. Kitanda kikasimama pale pale mlangoni.

"Daktari," Bi Kadi akasema, ulimi mzito, "safari hii nikizaa, hata akiwa kimya, nimwangalie."

"Utamwangalia. Tulia."

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni wakamwingiza. Saa moja kasorobo, korido nzima ikasikia kilio. Kilikuwa chembamba, cha hasira. Mtoto wa kike. Kilo moja na gramu mia tisa. Fundi aliteleza ukutani mpaka chini, akakaa kando ya mama yake, nao wakashikana mikono.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wangeishia hapo, wafurahi na mtoto wao. Bi Kadi alipomaliza adhabu yake alirudi masjala, na kila Jumatano akawa karani wa kliniki mpya ya daktari yule. Kliniki ya waliopoteza mimba mbili au zaidi. Aliwatafuta wale thelathini na saba mmoja mmoja, wengine akiwafuata mpaka majumbani. Mmoja alikutwa na ukuta katikati ya mji wa mimba, akafanyiwa upasuaji. Wengine walikuwa na mlango wa kizazi unaofunguka mapema, ukashonwa. Wengine ni sukari, au tezi ya shingoni. Na narudia hili kwa sababu Bi Kadi alitaka lisemwe: karibu nusu ya wanawake hawa hawakuonekana na sababu yoyote. Hata hivyo wengi wao, wakifuatiliwa kwa ukaribu, walikuja kuzaa.

Si wote. Yule mshonaji wa mimba saba hakupata mtoto. Nilipozungumza naye juzi aliniambia, "Watu wanasema Bi Kadi aligawa watoto. Mimi hakunipa. Lakini kila mwaka, tarehe ya yule wa mwisho, alikuwa anakuja kwangu, anakaa, ananiuliza, 'Angekuwa darasa la ngapi sasa?' Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza."

Kiharusi ndicho kilichomchukua, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Binti yake, ambaye sasa ana miaka ishirini na minane na ni mwalimu wa udereva, anasema damu ile haikuwahi kumwacha mama yake. "Alikunywa dawa zake miaka yote. Alikuwa anasema, mimi na damu yangu tumekubaliana kuvumiliana."

Alhamisi walimzika. Msemaji wa familia alisoma historia ya marehemu kutoka kwenye karatasi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa. Akafika mwisho. "Marehemu ameacha mume na mtoto mmoja."

Fundi, mzee sasa, aliyekuwa amekaa ameshika fimbo, akasimama.

"Rekebisha," akasema. "Amezaa watano. Wanne wametangulia, mmoja huyu hapa. Andika watano."

Nyuma kabisa mama mmoja akasema kwa sauti, "Mimi watatu." Mwingine akasema, "Wawili." Mwingine, "Sita, na mmoja niko naye hapa." Sauti ziliendelea, kutoka kila upande, wengine mabinti, wengine bibi wenye mvi. Msemaji alisubiri mpaka ya mwisho. Ndipo akachukua kalamu, akaandika: watano.

Kwako fundi, kwako binti, na kwa ukoo mzima, kituo hiki kinawapa pole za dhati. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki tujiulize jambo moja. Nyumbani kwetu, ni nani anayehesabu peke yake? Kama umepoteza mimba mbili au zaidi, usikubali kuambiwa tu ni bahati mbaya. Nendeni hospitali, wewe na mwenzako, na mkamweleze daktari zote, tangu ya kwanza. Na kama si wewe, bali ni mke wako, dada yako, mkweo au jirani yako, leo mtafute. Usimwambie atapata mwingine. Muulize habari za yule aliyempoteza, kisha unyamaze, umwache aseme.